Mtu wa Mikono Mirefu: Darasa Juu ya Kukosolewa



Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na Swahaba zake wote. Katika darasa zetu za Alhamisi baada ya Magharibi tumekuwa tukisoma hadithi za hukumu za swala. Tulipofika mlango wa sijda ya kusahau, mjadala ulihama. Tulianza na idadi ya rakaa, tukajikuta tunazungumzia masahihisho ya tasnifu, ufunguo wa chumba cha swala cha dada zetu, na swali ambalo ndugu mmoja wa mwaka wa pili aliliuliza bila kuzunguka: "Kwa nini kwetu mtu akisema jambo haliko sawa anaitwa mfitini?" Mhariri ameniomba niyaandike tuliyoyasoma. Nimeyaandika kwa mpangilio wangu, na maoni yangu nimeyachanganya humo humo. Msomaji ayapime.

Hadithi yenyewe

Imepokewa na Abu Hurayra (r.a.), na iko kwa Bukhari na kwa Muslim. Mtume (s.a.w.) aliswalisha mojawapo ya swala mbili za mchana, Adhuhuri au Alasiri. Akaswali rakaa mbili, akatoa salamu. Kisha akaenda kwenye gogo lililokuwa mle msikitini, akaliegemea kama mtu aliyekasirika, vidole vya mkono mmoja vimeingiana na vya mwingine. Wale wenye haraka wakatoka milangoni wakiambizana kuwa swala imefupishwa. Abu Bakr na Umar (r.a.) walikuwamo, lakini haiba yake iliwazuia wasimsemeshe. Kulikuwa na mtu mmoja mwenye mikono mirefu, akijulikana kwa jina la Dhul-Yadayn, yaani mwenye mikono miwili. Huyu akamuuliza Mtume kama amesahau au swala imefupishwa. Mtume (s.a.w.) akajibu kuwa hakusahau, na swala haikufupishwa. Kisha akawageukia watu, akawauliza kama mambo ni kama anavyosema Dhul-Yadayn. Wakasema ndiyo. Akasogea mbele, akaswali zilizobaki, akatoa salamu, kisha akasujudu sijda mbili.

Maulamaa wameitoa hadithi hii hukumu nyingi za fiqhi, na wakasema kuwa kusahau kule kulikuwa na hekima ya kuufundisha umma jinsi ya kufanya unaposahau. Mimi nataka tuisome kwa jicho jingine: mtu anaambiwa mbele ya watu kwamba kazi yake ina upungufu. Nini kinatokea, na kwa utaratibu gani?

Tuanze na namna Dhul-Yadayn alivyouliza. Alitoa uwezekano wa pande mbili: huenda umesahau, au huenda hukumu imebadilika na sisi hatujajua. Alikuwa ameona rakaa mbili pale alipotarajia nne, na alichokiona ndicho alichokisema. Hakudai kujua sababu. Wengi wetu tunapokosoa tunaanzia kwenye sababu: "umefanya hivi kwa sababu unajiona", "kamati haijali". Mtu akishaambiwa nia yake, hatazungumza tena kuhusu rakaa. Atatetea nia yake, naye ana haki, kwa sababu nia yake huijui.

Pili, waangalieni walionyamaza. Abu Bakr na Umar hawakuwa watu waoga, wala hawakuwa wageni wa Mtume. Walikuwa karibu yake kuliko wote, na ukaribu ule pamoja na heshima ndivyo vilivyowafunga midomo. Kila amiri wa jumuiya, kila mwenyekiti wa kamati na kila mhadhiri anapaswa kusimama hapa kidogo. Ukiona watu wako wa karibu hawasemi kitu, usihesabu kwamba wameridhika. Pengine wamehesabu rakaa vizuri kabisa na wanangoja mtu mwenye mikono mirefu aseme.

Tatu ni wale waliotoka milangoni. Hawa hunichekesha na kunihuzunisha kwa pamoja. Waliona jambo geni, wakalitafutia maelezo wao kwa wao, wakaenda nayo nje. Hawakumuuliza mwenye swala. Chuoni kwetu mlango wa msikiti ni simu: jambo linatokea kwenye mkutano saa kumi na moja, na kabla ya Isha kuna makundi matatu ya WhatsApp yenye maelezo matatu, na hakuna hata mmoja aliyemwendea mhusika.

Jambo la nne ndilo kiini cha darasa hili. Jibu la kwanza la Mtume (s.a.w.) lilikuwa kwamba hakusahau. Alisema alichokuwa anakijua, na alikuwa mkweli katika kukisema. Hilo linatufundisha kwamba mtu kutoliona kosa lake mara ya kwanza anapoambiwa si dhambi wala si kiburi. Wako wanaodhani adabu ya kukosolewa ni kukubali hapo hapo, kuinamisha kichwa na kusema "nimekosa" hata kama huoni ulipokosea. Sivyo ilivyo katika hadithi hii. Ila baada ya jibu lile la kwanza hakusimama hapo. Aliwauliza wengine, na alipouliza, aliuliza kwa namna inayowaruhusu kusema ndiyo. Kati ya jibu la kwanza na kurudi kwenye swala kuna swali moja tu, na wengi wetu hapo ndipo tunapokwama, kwa sababu tukishasema "hapana" mbele ya watu tunaona aibu kuuliza tena.

Kisha alirekebisha kile kilichopungua, na kiasi kilichopungua. Hakuianza swala upya, wala hakusema imeshapita. Zilibaki rakaa mbili, akaswali mbili, akaongeza sijda. Na katika hadithi ya Ibn Mas'ud (r.a.), ambayo nayo iko kwa Bukhari na Muslim, inayohusu siku aliposwalisha rakaa tano, aliwaeleza kwamba yeye ni mwanadamu, husahau kama wao wanavyosahau, na akawataka wamkumbushe anaposahau. Yaani aliufungua mlango kwa siku zijazo pia. Hakungoja Dhul-Yadayn mwingine ajitokeze kwa ujasiri wake mwenyewe.

Anayedai kwa ukali

Dada mmoja aliuliza swali zuri: sawa, Dhul-Yadayn aliuliza kwa adabu, lakini je, akija mtu anayefoka?

Hilo nalo lina hadithi yake, pia kwa Abu Hurayra, pia katika Sahihi mbili. Mtu mmoja alikuwa anamdai Mtume (s.a.w.) ngamia. Akaja kudai, akawa mkali wa maneno. Swahaba wakataka kumshughulikia. Mtume akawaambia wamwache, kwa kuwa mwenye haki ana nafasi ya kusema. Akaamuru apewe ngamia wa umri ule ule aliomkopesha. Wakatafuta wasipate ila mwenye umri bora zaidi. Akaamuru apewe huyo huyo, akaeleza kuwa walio bora ni wale wanaolipa kwa wema zaidi.

Katika kisa hiki kuna mambo mawili, ukali na deni. Mtume (s.a.w.) aliyatenganisha. Ukali aliusamehe kwa sababu ya deni, kisha akashughulika na deni. Swahaba, kwa mapenzi yao, walikuwa wameshaanza kushughulika na ukali.

Ninalijua tukio la chuo kimoja hapa mjini, nami sitakitaja. Ramadhani moja wanafunzi walichanga faranga za futari ya pamoja. Ndugu mmoja aliyetoa 5,000 hakuona jina lake kwenye orodha iliyotumwa, akaandika ujumbe usiku wa manane, ujumbe wa mtu mwenye njaa na hasira. Kwa siku mbili kamati nzima ilijadili ujumbe ule: je, hivyo ndivyo Muislamu anavyozungumza na viongozi wake katika mwezi mtukufu? Wakamwandikia nasaha ndefu kuhusu ulimi, na nasaha yenyewe ilikuwa nzuri, yenye aya na hadithi. Hakuna aliyekwenda kuangalia kwenye daftari kama 5,000 zilipokelewa. Kuangalia daftari kungechukua dakika tatu. Ndugu yule siku hizi anaswali Ijumaa mjini na haji tena kwenye shughuli za jumuiya. Kosa lake la ulimi lilikuwa la kweli, na deni lake pia lilikuwa la kweli. Lililojibiwa ni moja tu.

Anayekosoa bila haki

Kuna pia ukosoaji usio na ukweli ndani yake. Bukhari amepokea kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.) kisa cha Uyayna bin Hisn. Alikuja Madina wakati wa ukhalifa wa Umar, akafikia kwa mwana wa nduguye, al-Hurr bin Qays, aliyekuwa mmoja wa watu wa baraza la Umar. Baraza lile lilikuwa la wasomi wa Qur'an, wazee kwa vijana, na vijana wanaosoma makala hii waliweke neno hilo akilini. Uyayna akaombewa nafasi ya kuingia. Alipoingia tu akamwambia Umar kwamba hawapi kingi na hawahukumu kwa uadilifu. Umar akakasirika hata akakaribia kumwadhibu. Al-Hurr akamsomea aya ya 199 ya Surat al-A'raf, ambayo humwamrisha Mtume kushika msamaha, kuamrisha mema na kuwapuuza wajinga, akamwambia kuwa huyu ni katika hao. Ibn Abbas anasema Umar hakuivuka aya ile aliposomewa.

Umar alituhumiwa kukosa uadilifu, tuhuma nzito kwa mtawala. Hakujieleza kwa Uyayna wala hakumwonyesha hesabu. Tuhuma isiyo na jambo ndani yake haidai jibu refu. Lakini katika kikao kile kile kulikuwa na ukosoaji wa pili, wa kijana aliyemzuia Khalifa kwa aya, na huo Umar aliupokea papo hapo, akiwa katikati ya hasira. Mtu mmoja, dakika moja, maneno mawili yanamjia: moja analiacha lipite, jingine linamsimamisha. Aliweza kwa sababu alikuwa amemweka karibu naye mtu anayeweza kumwambia.

Kwa nini sisi inatuwia vigumu

Hapa naingia katika maoni yangu, na najua wazee wengine wa Nyamirambo hawatakubaliana nami.

Waislamu wa Rwanda tuna sababu ya kihistoria ya kuwa wepesi wa kujitetea. Wakati wa ukoloni wa Wabelgiji walioishi katika mitaa kama Biryogo na Camp Swahili waliitwa Abaswahili, na jina lile halikuwa la lugha tu. Lilimaanisha mtu wa pembeni, mjanja, mchuuzi asiyeaminika. Shule zilikuwa mikononi mwa misheni, na mzazi Muislamu alikuwa na sababu ya kuogopa kumpeleka mtoto huko akarudi na jina jingine. Babu zetu walisikia maneno mengi mabaya juu yao, na mengi hayakuwa ukosoaji hata kidogo. Yalikuwa dharau. Kiswahili chenyewe, ambacho Bunge lilikipitisha kuwa lugha rasmi mwezi Februari 2017, kwa miaka mingi kilihesabika mjini hapa kuwa lugha ya wahuni na ya sokoni.

Jamii iliyotukanwa kwa muda mrefu hujifunza kujikinga, na kinga hiyo iliwafaa babu zetu. Tatizo ni kwamba imebaki mkononi hata pale anayesema ni mwenzetu, Muislamu mwenzetu, anayetaka jambo letu liwe bora. Neno "fitna" ndilo kinga yetu ya sasa. Nimelisikia likitumiwa kwa dada aliyeuliza hesabu, kwa ndugu aliyesema khutba ilikuwa ndefu kiasi kwamba watu walikosa vipindi vya saa nane, na kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyesema hakukuta mtu wa kumpokea alipofika. Fitna ni jambo kubwa katika dini yetu, na tukilitumia kwa kila anayehesabu rakaa litakosa maana siku tutakapolihitaji.

Ufunguo wa chumba cha dada zetu ni mfano wa karibu. Kwa muhula mzima chumba kilikuwa kinafungwa saa kumi na moja jioni, na dada wenye vipindi vya jioni walikuwa wanaswali Magharibi kwenye ngazi. Waliposema, jibu lilikuwa kwamba waliandike kwa utaratibu. Walipoandika, jibu lilikuwa kwamba kuna namna ya kuzungumza na viongozi. Basi na tusome mwanzo wa Surat al-Mujadila, sura ya 58. Imepewa jina kwa sababu ya mwanamke aliyejadiliana na Mtume (s.a.w.) juu ya mumewe na kumshtakia Allah jambo lake, na aya ya kwanza inaeleza kwamba Allah ameyasikia maneno yake. Wafasiri wengi wanamtaja kuwa ni Khawla bint Tha'laba (r.a.). Hukumu ya dhihar, iliyokuwa imezoeleka kwa Waarabu, ilibadilika kwa lalamiko la mwanamke mmoja. Nikiisoma sura hii siwezi kuelewa jinsi kiongozi wa jumuiya ya Kiislamu anavyoweza kuona lalamiko la dada zake wanne kuwa ni utovu wa adabu. Ufunguo sasa uko kwa dada wawili. Ilichukua miezi mitatu, na ingetosha siku moja.

Wakati mwingine tumeweza, na inafaa kulisema hilo pia. Mwaka 2018 viongozi wa wilaya ya Nyarugenge walipokataza vipaza sauti vya adhana kwa sababu ya malalamiko ya kelele, misikiti ilitii. Papo hapo kutoka upande wetu zilisikika sauti zilizosema kwamba ingefaa sauti ipunguzwe badala ya kuzimwa kabisa. Kutii na kusema vilikwenda pamoja. Mtu anaweza kuwa na maoni yake juu ya uamuzi ule (mimi ninayo), lakini hakuna aliyehitaji kutukana wala kunyamaza.

Elimu yetu ilijengwa kwa kukosoana

Wanafunzi wa sayansi huniambia mara nyingi kwamba utaratibu wa kazi ya msomi kukaguliwa na wasomi wenzake ni kitu cha Ulaya. Waangalieni watu wa hadithi. Kwa karne nyingi waliandika vitabu vizima vya kusema nani anaaminika katika kupokea na nani dhaifu, nani alichanganya uzeeni, nani alikuwa mcha Mungu lakini hifadhi yake mbovu. Elimu hiyo inaitwa al-jarh wat-ta'dil. Ali bin al-Madini, aliyefariki mwaka 234 Hijria na ambaye ni mwalimu wa Bukhari, aliulizwa kuhusu baba yake mzazi, naye alikuwa mpokezi wa hadithi. Alisema wazi kuwa baba yake ni dhaifu. Hakumvunjia heshima. Alisema kwamba jambo hili ni dini. Kama mtoto aliweza kusema hivyo juu ya babaye kwa ajili ya ukweli wa maneno ya Mtume, mimi na wewe tunaweza kustahimili kalamu nyekundu kwenye sura ya tatu ya tasnifu.

Na huku kwetu Afrika Mashariki kuna kisa kimoja cha wasomi ninachokipenda. Tafsiri kamili ya kwanza ya Qur'an kwa Kiswahili iliyochapishwa ilitoka mwaka 1923, na mfasiri alikuwa padri wa misheni ya Zanzibar, Godfrey Dale. Mwaka 1953 ikatoka Nairobi tafsiri ya Waahmadiyya, kazi ya Sheikh Mubarak Ahmad. Masheikh wa Kisunni wa pwani walikuwa na mengi ya kupinga katika tafsiri hizi, na walipinga kwa maandishi. Sheikh Abdulla Saleh al-Farsy wa Zanzibar, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya kuanzia 1968, hakuishia kwenye kupinga. Alikaa chini akafasiri, kwanza kwa vijitabu, mpaka Qurani Takatifu ikatoka kamili Nairobi mwaka 1969. Wengi wenu mliikuta kabatini kwa babu. Na baada yake wengine hawakuona kwamba kazi imeisha: mwaka 1995 ikatoka tarjama ya Sheikh Ali Muhsin al-Barwani. Kila mmoja alisoma kazi iliyomtangulia kwa jicho la kukosoa, na msomaji wa Kiswahili ndiye aliyefaidika.

Kwenye meza ya tasnifu

Sasa tushuke kwenye yanayowakera wengi wenu mwezi huu. Msimamizi amerudisha kurasa 60, na kila ukurasa una maneno pembeni. Ninasoma kazi za wenzangu wa shahada ya kwanza kwa mwaka wa tatu sasa, na nimeona mambo yanayorudi.

Wapo wasiolifungua faili. Ndugu mmoja alikaa nalo siku kumi na tisa kwa sababu aliona kwenye barua pepe kwamba msimamizi ameandika "tuonane". Maoni yenyewe yalikuwa kuhusu mpangilio wa majedwali. Lifungue siku hiyo hiyo, lisome lote mpaka mwisho, kisha lifunge, swali, kula, lala. Usijibu kitu siku hiyo. Kesho yake lisome tena na kalamu mkononi. Utashangaa jinsi maneno yale yale yalivyopungua ukali usiku mmoja, wakati hakuna aliyeyagusa.

Katika usomaji wa pili yagawe maoni. Kuna yale yanayoonyesha kosa: hesabu haijumlishi, chanzo hakisemi ulichodai kinasema. Haya yarekebishe bila maneno. Kuna yale ya ladha, ambapo msimamizi angependa neno jingine. Hapa mpe anachotaka mara nyingi, kwa kuwa neno si roho yako. Na kuna yale ambayo ukiyasoma unasema "lakini nimeshaeleza hili ukurasa wa 14, hakusoma!" Haya ndiyo yanayowapotosha wengi. Huenda kweli hakusoma vizuri. Lakini kama msomaji aliyelipwa kukusoma amepita ukurasa wa 14 bila kuona, basi ukurasa wa 14 una shida, hata kama si ile aliyoitaja. Wengi wetu tunaandika kwa Kiingereza ambacho ni lugha yetu ya tatu au ya nne, baada ya Kinyarwanda, Kiswahili na labda Kifaransa cha shule, na maana huvuja njiani tusione.

Kisha kuna maoni usiyokubaliana nayo baada ya kufikiri. Usiyafuate kwa woga. Mtume (s.a.w.) hakumwambia Dhul-Yadayn "sawa" kabla ya kuuliza watu. Nawe uliza: mwoneshe mwenzako wa darasa ukurasa ule bila kumwambia nani kasema nini, angalia kama naye atakwama pale pale. Asipokwama, nenda kwa msimamizi na sababu zako, na chanzo mkononi. Wasimamizi wengi ninaowajua wanamheshimu zaidi mwanafunzi wa namna hii kuliko yule anayebadilisha kila kitu usiku mmoja, kisha siku ya kutetea tasnifu hawezi kueleza kwa nini alibadilisha.

Neno moja kuhusu "jazakallah khayr". Ni dua tukufu, na tumeifanya kuwa njia ya kumaliza mazungumzo. "Jazakallah khayr ndugu yangu, tutalifanyia kazi," na hapo jambo linazikwa kwa heshima zote. Ukimwombea mtu kheri kwa kukukosoa, baada ya wiki mbili mwambie ulichofanya, au mwambie kwamba umefikiri na hukubadilisha, na kwa nini.

Kuhusu kiburi sitasema mengi, kwa sababu Mtume (s.a.w.) amekieleza kwa ufupi kuliko yeyote. Katika hadithi ya Ibn Mas'ud kwa Muslim, mtu aliuliza kuhusu anayependa nguo nzuri na viatu vizuri, akafahamishwa kwamba hicho si kiburi. Kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Kwa hiyo nguo zako za siku ya kutetea tasnifu hazina tatizo. Na aya ya 206 ya Surat al-Baqara inamtaja mtu ambaye akiambiwa amche Allah, majivuno humshika na kumwongeza katika dhambi. Wakati mwingine unaweza kuwa na kosa dogo, ukaambiwa, na kuambiwa kule kukakufanya ulikuze ili usionekane umeshindwa.

Swali la sanduku

Swali la mwisho lililoulizwa lilikuwa la vitendo: je, jumuiya iweke sanduku la maoni yasiyo na majina? Wengine walisema hapana, Muislamu aseme akionekana, kama Dhul-Yadayn. Mimi nasema liwekwe, na sababu yangu ni Abu Bakr na Umar. Kama watu wale walizuiwa na haiba, sembuse msichana wa mwaka wa kwanza kutoka Rusizi mbele ya kamati ya kaka wa mwaka wa nne. Ila lisomwe mbele ya watu kila mwezi, karatasi zote, na zile za matusi zisemwe tu idadi yake. Na anayeshika ufunguo wake asiwe mjumbe wa kamati.

Alhamisi ijayo, insha'Allah, tunaendelea na hadithi ya Ibn Mas'ud ya rakaa tano. Kila mmoja aje na ukurasa mmoja wa kazi yake wenye maandishi ya mwalimu pembeni, jina likiwa limefunikwa. Tutabadilishana kurasa na kuyagawa maoni pamoja. Walio na masahihisho ya Kifaransa nao waje, wapo wa kuwasaidia.